Choo cha mtoto anayenyonya: namna mama zetu walivyosoma rangi yake

1. Utangulizi

Wasomaji wengine watashangaa kuona kichwa cha andiko letu. Katika kijitabu kinachosema juu ya mila, watu wanangojea kusoma juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya ngoma na majina ya ukoo. Sisi tumechagua mavi ya mtoto mchanga. Hatukufanya vile kwa kuchekesha watu. Sisi tunafundisha historia katika masomo ya sekondari, na kila mwaka tunawaambia wanafunzi kwamba historia si ya wafalme na vita peke yake. Kitu ambacho kila mama wa nchi hii amekitazama kila asubuhi, tangu wakati mababu hawakujua kalamu, nacho kiko na historia yake.

Tena tuko na sababu ingine. Mwaka wa 2011, katika mtaa tunamokaa, jirani yetu alizaa mtoto msichana. Mtoto alizaliwa na uzito mzuri, alinyonya bila shida. Ila macho yake ilibaki manjano hata mwezi wa pili. Watu walisema: «Itapita tu.» Choo chake kilikuwa cheupe, na wamama wa mtaa walifurahi: «Mutoto anakunywa maziwa mingi, angalia, anatoka maziwa!» Ku kliniki walimpima kilo, wakamchoma sindano za chanjo, wakamrudisha nyumbani. Hakuna mtu aliyeuliza rangi ya choo. Mwezi wa nne, nyanya yake alifika kutoka kijijini. Siku ile ile alifungua kitambaa cha mtoto, akatazama, akakaa kimya. Kisha akasema: «Mavi ya mutoto wa ziwa haifanane na udongo mweupe. Mulikuwa wapi?» Yule mtoto hakumaliza mwaka mmoja.

Yule mama mzee hakusoma hata darasa la kwanza. Hakujua jina la ugonjwa, hata dawa yake hakuijua. Lakini alijua kusoma rangi. Sisi sote wenye diploma tulikuwa tumepita mbele ya kitambaa kile bila kuona kitu. Ndiyo maana tunaandika.

2. Jicho la mama

Zamani mtoto hakuvalishwa kushi ya kutupa. Alifungwa kipande cha kikwembe kilicholainika kwa kuzeeka, na kile kipande kilifuliwa kwa mkono. Mwenye kufua aliona kila kitu: rangi, wingi, harufu, kama ni maji ama ni uji. Na mara nyingi mwenye kufua, siku za kwanza, alikuwa nyanya ama shangazi, mtu aliyekwisha kufua vitambaa vya watoto kumi na zaidi. Ile ndiyo ilikuwa masomo yake.

Nyumbani kwetu rangi hizo zilisemwa kwa majina ya vitu vya jikoni na vya njiani. Tuzifuate siku kwa siku.

Siku ya kwanza na ya pili, mtoto anatoa kitu cheusi chenye kuelekea kijani, kinanata sawa lami ya barabara, na hakinuki. Maji peke yake hayakitoshi. Wamama wanapakaa mtoto mafuta mbele ili kisigande. Nyanya yetu alikiita uchafu wa tumbo la mama. Hakukosea sana: ni mabaki ya yale mtoto aliyoyameza na kuyatengeneza wakati alipokuwa bado tumboni. Mtoto ambaye siku nzima inapita, hata ya pili inaingia, bila kutoa ile nyeusi, anapaswa kuonyeshwa kwa munganga.

Siku ya tatu na ya nne, rangi inabadilika kuwa kijani cha kahawia, sawa sombe iliyolala. Ni alama kwamba maziwa yameanza kushuka na kusukuma.

Siku ya tano hivi, manjano inafika. Ni rangi kati ya kiini cha yai na mawese, laini, karibu maji, na ndani mwake kuna punje ndogo ndogo sawa mbegu. Harufu yake si mbaya. Wamama wengi wanaozaa mara ya kwanza wanafikiri kwamba ni kuhara. Si kuhara. Ni choo cha kawaida cha mtoto wa ziwa, na majuma ya kwanza kinaweza kuja kila mara mtoto anaponyonya.

Nyanya yetu alikuwa na sheria moja: mtoto akifika siku ya tano naye anatoka bado nyeusi, usimwangalie mtoto, angalia kwanza ziwa. Maana yake hapati maziwa ya kutosha, ama hajui kuvuta. Wakunga wanaosoma leo wanafundishwa jambo lile lile.

3. Yale wenye masomo waligundua

Wazungu nao walitazama choo cha watoto tangu zamani. Ile nyeusi ya kwanza, Wagiriki wa kale waliiita «mekonion», kwa jina linalotoka kwa mmea unaotoa afyuni, kwa sababu ilifanana na utomvu wake. Wafaransa wanasema hadi leo «méconium». Kwa hiyo hata wao walianza kwa kulinganisha na kitu walichokijua nyumbani, sawa vile sisi tunavyosema sombe na mawese.

Mwaka wa 1885, munganga Theodor Escherich, aliyekuwa anatumika kule Munich, Ujerumani, alichunguza kwa darubini choo cha watoto wachanga. Humo aliona kijidudu ambacho leo kinabeba jina lake, Escherichia coli. Aliona pia kwamba vijidudu vinaanza kuonekana tumboni mwa mtoto saa chache tu kisha kuzaliwa. Mwaka wa 1899, Henry Tissier wa Institut Pasteur ya Paris aligundua kijidudu kingine chenye umbo la tawi lililogawanyika, ambacho kilijaa kabisa katika choo cha watoto wanaonyonya mama zao. Mwaka wa 1954, Paul György na wenzake, kule Marekani, walionyesha kwamba maziwa ya mama yanabeba chakula cha pekee kinachokuza kile kijidudu chema. Maana yake: maziwa ya mama hayalishi mtoto peke yake, yanalisha pia askari wanaolinda tumbo lake.

Na rangi zenyewe zinatoka wapi? Zote zinatoka kwa nyongo. Damu iliyozeeka inavunjika mwilini, ini linachukua ile rangi na kuitupa ndani ya nyongo, na nyongo inashuka matumboni. Mwanzoni rangi hiyo ni ya kijani, kisha inageuka manjano. Kwa mtu mkubwa, vijidudu vya tumbo vinaigeuza tena kuwa kahawia. Kwa mtoto anayenyonya, vijidudu vya kugeuza vile ni vichache bado, ndiyo sababu manjano inabaki manjano. Siku mtoto anapoanza kula bouillie na ugali, kahawia inafika nayo harufu.

Msomaji akishika jambo hili moja, atafahamu yote yanayofuata: rangi ya choo ni habari ya nyongo. Nyeusi ya mwanzo, kijani, manjano, kahawia, zote zinasema kwamba nyongo inashuka. Nyeupe inasema kwamba haishuki.

4. Kijani, rangi iliyoleta ugomvi

Tusijifanye kama mama zetu walijua yote. Jicho lao lilikuwa zuri, lakini mkono mara nyingi ulikosea.

Mtoto wa miezi miwili, mwenye kutoka manjano kila siku, asubuhi moja anatoka kijani. Hapo kelele inaanza. «Maziwa ya mama imeharibika.» Na katika familia nyingi wanaongeza: mama amelala na bwana mbele ya wakati. Waswahili wa pwani wako na neno kwa jambo hilo, wanasema kumbemenda mtoto. Huku kwetu kila kabila liko na namna yake ya kulisema. Mama anapewa haya mbele ya mavyala na mashemeji. Ziwa linakatwa. Mtoto anapewa maji ya majani, ama dawa inatiwa kwa njia ya nyuma ili «kusafisha tumbo».

Lakini kijani peke yake, kwa mtoto anayenyonya, anayecheka, anayekojoa vizuri na kuongeza uzito, si ugonjwa. Maziwa yamepita mbio tumboni, na nyongo haikupata wakati wa kugeuka. Inaweza kutokea kama mtoto anatolewa ku ziwa la kwanza mapema, anakunywa yale maziwa ya mbele yaliyo mepesi, hafiki kwa yale mazito ya nyuma. Inaweza kutokea pia kama anapewa dawa ya chuma ya kuongeza damu. Hapo kijani inaelekea hata nyeusi. Dawa yake ya kwanza ni kumwacha mtoto amalize ziwa moja mbele ya kumpa lingine.

Kulala na bwana hakuharibu maziwa. Ile desturi ya kungoja ilikuwa na faida yake kwa kutenganisha mimba, lakini si kwa sababu watu walizosema. Zaidi ya yote, kunyonyesha kwenyewe kunachelewesha mimba. Miaka ya 1970, waganga waliochunguza damu ya wamama wa Kivu walionyesha kwamba mama anayenyonyesha mara nyingi kwa siku anakaa muda mrefu bila kuona mwezi. Mama zetu walilijua jambo hilo, maabara ililihakikisha.

Hatari haikuwa rangi ya kijani. Hatari ilikuwa yale yaliyofuata. Mtoto aliyekatwa ziwa kwa ajili ya choo cha kijani alianza kunywa maji machafu, akahara kweli, akakonda, miguu ikavimba, nywele ikawa nyekundu. Huko Kivu wanaita ugonjwa ule bwaki. Ni ule ule ambao munganga Cicely Williams aliuandika mwaka wa 1933 kule Gold Coast, nchi ambayo leo inaitwa Ghana, na ambao kwa jina la kule unaitwa kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake wakati mwingine anapofika. Watoto wengine waliondolewa mahali pao hata mbele ya mwingine kufika, kwa sababu ya kitambaa kimoja cha kijani.

Jambo lingine: mtoto mwenye kunyonya akivuka majuma sita hivi, anaweza kupitisha siku tatu, ine, hata juma moja bila kuenda choo, na kisha anatoa choo laini. Hajafunga. Maziwa yametumika karibu yote mwilini. Lakini ni hapo watoto wengi wanapotiwa pilipili na majani kwa njia ya nyuma, na matumbo yao inaungua. Mila hiyo, sisi hatuitetei.

5. Wakati wa Wabelgiji: mzani unaingia

Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya koloni na makampuni makubwa walianza kuhesabu watoto. Walikuwa na hofu: watu wanapungua, kesho nani atafanya kazi? Waliona kwamba mama Mkongomani ananyonyesha miaka miwili ama mitatu, na kwamba katika muda huo hazai. Kwao hilo lilikuwa hasara. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika andiko lake la mwaka wa 1988, alieleza namna Wabelgiji walivyotaka kufupisha kunyonyesha ili vizazi viongezeke, na namna wamama Wazungu walivyofungua nyumba za kupima watoto na kuwagawia maziwa.

Katanga ilienda mbali zaidi. Union Minière du Haut-Katanga, karibu mwaka wa 1928, iliacha kuchukua wanaume wa muda mfupi peke yao, ikaanza kukaza wafanyakazi pamoja na wake zao ndani ya makambi. Kukawa materinite, kukawa siku za kupima watoto, kukawa chakula cha watoto. Tuseme haki: watoto wengi waliponea hapo. Lakini tuseme pia yale yaliyopotea. Mama aliyetoka kijijini alikuwa mbali na nyanya, mbali na shangazi. Mwenye kuamua kama mtoto ni mzima hakuwa tena yule mwenye kufua kitambaa. Alikuwa yule mwenye kusoma mzani.

Mzani ni kitu kizuri. Lakini mzani unasema kilo, hausemi nyongo. Yule mtoto wa jirani yetu, miezi ya kwanza, uzito wake haukumtisha mtu. Hata leo, katika fishi za CPS za watoto wetu sisi wenyewe, tuliona mstari wa kilo, tuliona nafasi ya kila chanjo. Mahali pa kuandika rangi ya choo hatukupaona.

6. Biberoni, mukebe na kushi

Kisha uhuru, maziwa ya mukebe yaliendelea kuingia mijini, pamoja na biberoni. Mtoto wa maziwa ya mukebe anatoa choo kizito zaidi, chenye rangi ya kahawia ama ya udongo, na chenye kunuka. Mama aliyezoea rangi hiyo hawezi tena kutambua ile ya mtoto wa ziwa. Lakini shida kubwa ilikuwa maji ya kuchanganyia. Katika nchi nyingi maskini watoto walikufa kwa kuhara. Mwaka wa 1977 watu wa Marekani walianza kususia kampuni ya Nestlé kwa sababu ya namna ilivyotangaza maziwa yake katika nchi zetu, na mwezi wa tano 1981 mkutano mkuu wa OMS ulipitisha sheria za kuzuia matangazo ya namna hiyo. Mwaka wa 2001, OMS ikasema wazi: miezi sita ya kwanza, ziwa la mama peke yake, bila hata maji.

Kongo imesogea, lakini polepole. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2007 ulikuta kwamba watoto wa chini ya miezi sita waliopewa ziwa peke yake walikuwa 36 kwa 100. Ule wa 2013-2014 ukakuta 48 kwa 100. Yaani hata hapo, zaidi ya nusu walikuwa wanapewa maji, majani ama bouillie.

Na kushi ya kutupa imeingia. Hatuisemi vibaya, inapunguzia mama kazi. Lakini inafungwa gizani, inakunjwa na kutupwa, mara nyingi na kijakazi ama na mkubwa wa mtoto. Mtoto anaweza kumaliza mwezi mzima bila mtu mzima hata mmoja kutazama.

7. Nyeupe

Turudi sasa kwa yule mtoto. Katika ugonjwa mmoja ambao waganga wanauita atrezi ya njia za nyongo, mifereji inayotoa nyongo ku ini inaziba majuma ya kwanza ya maisha. Nyongo haishuki, choo kinakuwa cheupe, ama cha rangi ya majivu, ama manjano iliyofifia sana. Nyongo inarudi katika damu. Macho na ngozi inabaki manjano kupita siku 14, na mkojo unakuwa mzito sawa chai. Ini linaharibika polepole. Mtoto ananyonya bado, anacheka bado, ndiyo maana watu hawaogopi.

Wasomaji wetu wa Kananga na Mbuji-Mayi watapenda kujua kwamba upasuaji wa kufungulia nyongo njia unaitwa Kasai. Si jimbo letu. Ni jina la munganga Mjapani, Morio Kasai, aliyeufanya mara ya kwanza mwaka wa 1955 kule Sendai, na kuuandika mwaka wa 1959. Lakini upasuaji huo unafaa zaidi kama mtoto hajapita siku 60. Nyanya alipofika mwezi wa nne, jicho lake lilikuwa sawa, ila saa ilikuwa imepita.

Angalieni sasa dawa ya kuchelewa ambayo nchi zenye masomo makubwa zilichagua. Kisiwa cha Taiwan kilijaribu mwaka wa 2002, kikaeneza nchi nzima mwaka wa 2004, kashada moja ndogo yenye picha za rangi za choo. Mama anaweka kashada karibu na kitambaa cha mtoto, analinganisha. Rangi ikifanana na zile mbaya, anaita munganga. Watoto wengi zaidi wakapasuliwa mbele ya siku 60. Mwaka wa 2012, Japani iliweka picha hizo katika daftari ambalo kila mama anapewa. Hawakununua mashine mpya. Walirudisha jicho la mama mahali pake, wakalipa kashada ya kulisaidia.

Kwetu upasuaji huo unataka hospitali kubwa na munganga aliyejifunza kazi ile. Safari ni ndefu na bei ni kali. Kwa hiyo kila juma linalopotea mtaani kwa kusema «anatoka maziwa» ni juma lililokatwa katika yale machache aliyonayo mtoto. Tena si kila choo cheupe ni ugonjwa ule. Kuna magonjwa mengine ya ini yanayoponyeka, na munganga peke yake ndiye anayeweza kutenganisha.

8. Hitimisho

Mila hii ilikuwa na sehemu mbili: jicho na mkono. Jicho lilitazama kila siku na kukumbuka. Mkono ulikimbilia majani, maji na kukata ziwa. Sisi tunaomba jicho libaki, mkono utulie.

Basi wazazi wafundishane. Nyeusi siku mbili za kwanza, sombe siku ya tatu na ya nne, kisha manjano: ni vizuri. Kijani kwa mtoto mwenye furaha: endelea kunyonyesha. Choo cha maji matupu, kingi kupita desturi, chenye kunuka, na mtoto amelegea: enda ku kituo cha afya, na usikate ziwa njiani. Nyekundu, ama nyeusi inayorudi kisha siku za kwanza: inaweza kuwa damu ya ziwa lililopasuka, inaweza kuwa damu ya tumbo la mtoto, munganga aangalie. Nyeupe: siku ile ile, na kitambaa mkononi, ili asikatae kuamini. Na baba naye afungue kushi. Macho yake si mabaya kuliko ya mama.

Sisi tumeanza kufundisha rangi hizi katika darasa la sita, kwa vijana ambao miaka michache tena watakuwa wazazi. Tunaziandika ubaoni moja moja. Tukifika kwa nyeupe, tunawaonyesha chaki yenyewe. Wanacheka. Kisha tunawaeleza juu ya yule mtoto wa mtaa wetu, na wanaacha kucheka.